Mnaizika DSLR Ingali Hai

Mpwa wangu alinijia Jumapili moja baada ya ibada, kabla hata sijalegeza tai. Alikuwa ameuza kuku wake wote, akaongeza mgao wa chama, na pesa zilikuwa kwenye M-Pesa zikimwasha kama upupu. "Mjomba," akasema, "nisaidie kuchagua mirolesi." Hakusema nimsaidie kuchagua kamera. Hilo lilikuwa limeshaamuliwa huko nje. Kwangu alikuja kutafuta baraka tu.

"Na DSLR je?" nikamuuliza.

Akacheka kile kicheko ambacho vijana hutuwekea sisi wazee. "Ai, Mjomba! Hiyo si ilikufa kitambo?"

Kauli hiyo imeenea mji mzima. Utaisikia kwa vijana wanaopiga picha People's Park wikendi, utaisikia kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Machakos msimu wa mahafali, na utaisikia zaidi kwa wauza kamera wa Nairobi, ambao ukiwachunguza ndio wanaokula ubani wa matanga haya. Kwa asiyejua kisa chenyewe, ni hiki. DSLR ina kioo ndani, kimekaa mshazari mbele ya sensa, kikipeleka mwanga juu hadi kwenye kidirisha ili jicho lako lione kile ambacho lenzi inakiona. Ukibonyeza, kioo kinaruka na sensa inapata picha. Mirolesi haina kioo hicho: sensa iko kazini muda wote, na inakuonyesha picha kwenye skrini kabla hujabonyeza. Tofauti ni hiyo. Kipande cha kioo kimetolewa, na kutolewa kwake kumegeuzwa dini.

Mimi si muumini. Nimelishwa na kamera katika mji huu, kwa harusi, kwa mahafali, kwa ntheo (posa ya Kikamba), kwa mazishi na kwa picha za pasipoti, na msimamo wangu ni huu: kwa kijana wa Machakos anayeanza, mwenye pesa za kuhesabu, anayetaka picha zimlipe kabla mwaka haujaisha, DSLR ya mtumba pamoja na lenzi moja yenye tundu pana na flashi ni ununuzi bora kuliko mirolesi mpya ya bei ya chini pamoja na ile lenzi inayokuja nayo kwenye boksi. Wanaomshauri vinginevyo wanamuuzia chungu kipya na kumwacha bila kuni.

Niwape kwanza haki yao. Wanaotangaza kifo cha DSLR hawajazua. Mirolesi ya kwanza, Panasonic G1, ilitoka mwaka 2008, na tangu hapo mambo yamekwenda mbio. Takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, zinaonyesha kwamba mwaka 2012 zilisafirishwa DSLR zaidi ya milioni 16. Mwaka 2020 mirolesi zikazipita. Mwaka 2023 DSLR zilikuwa zimeporomoka hadi milioni 1 na ushei, na mirolesi zilikaribia milioni 5. Nikon D3500, kamera ya wanaoanza iliyotoka mwaka 2018, haikupata mrithi mwenye kioo. Kiwandani, basi, DSLR ni mgonjwa mahututi, na sibishani na daktari.

Ninachokibishia ni hatua inayofuata, ile inayorukwa haraka haraka kana kwamba haihitaji hoja: kwamba kile ambacho kiwanda kimeacha kukitengeneza hakifai tena kununuliwa Machakos. Tangu lini sisi tukanunua vitu kiwandani? Magari yanayopanda mlima wa Iveti kila asubuhi yaliendeshwa kwanza na Mjapani. Sheria yetu inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka 8, na kwetu gari la miaka 7 ni gari jipya la kuombewa na mchungaji. Nguo tulizovaa wengi wetu ni za mtumba. Fundi anayekunja pindo la suruali barazani anakanyaga cherehani iliyomzidi umri, na hakuna aliyewahi kumrudishia suruali kwa sababu cherehani ile haitengenezwi tena.

Tena, mahututi huyo wa kiwandani ametuachia urithi. Zile kamera milioni 16 za mwaka mmoja tu hazikuyeyuka. Wenye pesa huko Ulaya na Japani walipohamia mirolesi, waliziuza, na zikaanza safari ile ile ya Vitz na Probox. Kadiri wanavyozidi kutangaza kwamba zimekufa, ndivyo zinavyozidi kushuka bei. Kwa mtu mwenye akili timamu na mfuko mwembamba, hiyo ni habari njema. Lakini kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Sasa tuhesabu. Bei za hapa hupanda na kushuka kwa dola na kwa sura ya mnunuzi, kwa hiyo nitatumia bei za uzinduzi za Marekani, ambazo hazina ujanja. Canon R100, mirolesi ya chini kabisa ya Canon, ilizinduliwa mwaka 2023 kwa dola 600 hivi pamoja na lenzi yake ya 18-45. DSLR ya mtumba kama Canon 700D ya mwaka 2013, pamoja na lenzi yake ya 18-55, utaipata kwa nusu ya pesa hizo au chini yake. Nusu iliyobaki ndiyo mada ya makala haya. Wanaopenda mirolesi hulinganisha mwili na mwili, sensa na sensa, na hapo wana raha. Mimi nalinganisha kijana aliyemaliza pesa na kijana aliyebaki nazo.

Anabaki nazo za nini? Za mwanga. Lenzi inayokuja na R100 ina tundu la f/4.5 ikitazama upana, na ukiivuta hadi mwisho linabaki f/6.3. Kadiri namba hiyo inavyokua ndivyo tundu linavyosinyaa. Lenzi ya Canon ya 50mm f/1.8, ile ndogo ya plastiki inayotosha kiganjani, ilizinduliwa mwaka 2015 kwa dola 125. Ukizilinganisha hizo mbili, f/1.8 inaingiza mwanga mara 12 zaidi ya f/6.3. Si asilimia 12, ni mara 12. Asiyeamini na akokotoe mwenyewe: gawanya 6.3 kwa 1.8, zidisha jibu kwa lenyewe.

Namba hiyo ina sura yake. Ingia kanisa lolote la mawe upande wa Kangundo saa nne asubuhi. Madirisha ni membamba, dari ni ya mbao nyeusi, na kuna taa tatu, moja imeungua. Bibi harusi anaingia akiwa amevaa nyeupe, ameshikwa mkono na babake aliyevaa suti ya rangi ya majivu, na nyuso zao ni za kwetu, nyeusi tii, zinazotaka mwanga ili zionekane. Aliye na f/6.3 atalazimika kuipandisha sensa hadi ISO 6400 ndipo picha isitikisike, na mashavu ya bibi harusi yatajaa chenga kama unga wa mahindi. Aliye na f/1.8, mahali pale pale, kwa kasi ile ile ya shata, anapiga kwa ISO 500 na kitu. Sensa ya 700D ni ya mwaka 2013, ndiyo. Lakini sensa ya mwaka 2013 iliyolishwa mwanga ikashiba itaishinda ya mwaka 2023 iliyolala njaa. Na megapikseli zake 18 zinatosha kuchapa picha ya A3 ya kutundika sebuleni, ukiacha kwamba picha nyingi za wateja wetu huishia WhatsApp, ambako hubanwa hadi hakuna anayejua zilianza na ngapi.

Mtu ataniambia kwamba R100 nayo ina lenzi yake ya 50mm f/1.8. Ninajua. Ilizinduliwa kwa dola 200, baada ya zile 600. Nionyesheni kuku wa kuuza.

Tukitoka kanisani tunakutana na shida ya pili, iliyo kinyume cha ya kwanza. Machakos iko digrii moja na nusu tu kusini mwa ikweta, juu ya mita 1,600. Saa sita na saa saba mchana, ambazo ndizo saa za picha za familia kwa sababu chakula hakijaiva, jua linakaa utosini. Paji la uso linang'aa, pua inang'aa, na macho yanazama ndani ya mashimo mawili meusi. Simamisha shangazi 6 wenye kofia katika bustani ya Mulu Mutisya saa hiyo uone: utapata picha ya kofia. Dawa yake haipo kwenye mwili wa kamera yoyote, iwe na kioo au isiwe nacho. Dawa ni flashi inayorusha mwanga kidogo chini ya ukingo wa kofia. Flashi hiyo ndiyo inayomtofautisha anayelipwa na mwenye simu aliyesimama karibu naye, na ndiyo kitu cha kwanza kukatwa kwenye bajeti pesa zikiishia kwenye mwili.

Hapa pia nitawasema wa upande wangu. Canon walipotengeneza DSLR zao za mwisho za bei nafuu, yaani 2000D, 4000D na 250D, waliondoa ile pini ya katikati kwenye kiatu cha flashi. Matokeo yake flashi nyingi za bei nafuu za Kichina hazilipuki zikiwekwa juu yake. Kwa hiyo anayekuambia "nunua DSLR yoyote" naye anakupoteza. Ukiwa na mfuko wa mwanzo, 700D au 750D ya zamani ni bora kuliko 2000D iliyo changa. Lakini msishangilie upesi: Canon R50, mirolesi ya mwaka 2023, ina kiatu cha mtindo mpya kinachodai adapta ndipo kivae flashi za zamani za Canon. Kitu kipya si lazima kiwe kimeongezewa. Mara nyingine kimepunguziwa, na aliyepunguza anakuuzia pengo lenyewe. Skrini ya 700D inafunguka, inageuka na inaguswa kama simu. Ya R100, iliyokuja miaka 10 baadaye, imebandikwa mgongoni haigeuki, na ukiigusa haikujibu.

Na skrini ni jambo zito kwetu kuliko wanavyodhani wanaoandika sifa za kamera wakiwa nchi zenye mawingu. Mirolesi nyingi za bei ya chini zimeondolewa hata kile kidirisha cha kuchungulia. Sony ZV-E10 ya mwaka 2021 haina. Nikon Z30 ya mwaka 2022 haina. Chukua mojawapo uende nayo uwanjani saa saba mchana, utaishia kuikinga skrini kwa kofia ya mwenzako huku ukipiga kwa kubahatisha. Kidirisha cha DSLR ni kioo na mwanga tu. Jua likizidi, nacho kinazidi kung'aa.

Tena hakili umeme. Sensa na skrini za mirolesi hufanya kazi muda wote unaotazama, na betri ndiyo inayolipa. Kwa vipimo vya CIPA, Nikon D3500 hupiga picha 1,550 kwa chaji moja. Sony a6000 kama 360. Canon M50, mirolesi iliyopendwa sana na vijana wa hapa, 235. Najua vipimo hivyo ni vya maabara, na ukipiga mfululizo kila kamera huvuka namba yake. Najua pia DSLR si zote zilizo hodari: 2000D ina 500. Lakini pengo la 1,550 na 235 haliwezi kufunikwa na maelezo. Nilikuwa kwenye ntheo moja upande wa Masii, mimi na kijana aliyeletwa na upande wa bwana. Tulianza saa tatu asubuhi. Stima ilikuwa imepotea tangu usiku. Mbuzi walipokuwa wakikabidhiwa, wazee wamesimama, akina mama wakipiga vigelegele, nilimwona yule kijana ameipa hadhara mgongo anapuliza betri mdomoni kama mtu anayeamsha makaa. Betri zake zote mbili zilikuwa zimekwisha. Hakuwa mzembe. Alikuwa ameuziwa kamera ya mtu mwenye soketi ukutani.

Tuje kwenye hoja yao kubwa, ile wanayoitoa wakiwa wamekunja mikono: wakati ujao. "Mjomba, mirolesi ndiko dunia inaelekea. Ukinunua DSLR unanunua njia isiyo na mwisho mwema." Hoja hii ina sura ya busara, na ndiyo maana nitakaa nayo.

Kwanza, ni mirolesi ipi? Nikon walianzisha mfumo wao wa kwanza wa mirolesi, Nikon 1, mwaka 2011; kufikia 2018 ulikuwa umefungwa. Samsung waliingia na NX mwaka 2010, na miaka michache baadaye wakatoka sokoni kimya kimya. Canon walianza EOS M mwaka 2012, wakawauzia vijana wa dunia nzima M50 na ndugu zake kwa jina hilo hilo la wakati ujao, na mwaka 2023 mfumo ukaishia hapo. Canon waliutengenezea lenzi 8 tu maisha yake yote. Kila aliyenunua mifumo hiyo aliambiwa neno lile lile alilopelekewa mpwa wangu.

Pili, na hapa ndipo mazishi yanapovurugika, tazameni ni lenzi zipi zilizovuka mto. Mdomo wa lenzi za EF za Canon uliwekwa mwaka 1987. Umbali wake kutoka sensa ni milimita 44. Mdomo mpya wa mirolesi za R una milimita 20. Nafasi inayobaki katikati inatosha kuweka adapta, kwa hiyo lenzi ya EF iliyoundwa mwaka 1987, iliyonunuliwa kwa ajili ya DSLR, inavaa kwenye R100 ya mwaka 2023 na inafokasi yenyewe. Lakini lenzi za M zina milimita 18, pungufu ya zile 20. Hakuna nafasi ya adapta. Lenzi ya EF-M ya mwaka 2018, ya kamera isiyo na kioo, ya wakati ujao, haiwezi kuvaa kwenye R yoyote. Ya babu imevuka, ya mjukuu imebaki ng'ambo.

Hata betri. Betri ya LP-E17 inayoingia kwenye 750D na 200D, ambazo ni DSLR, ndiyo hiyo hiyo inayoingia kwenye R100 na R50. Kijana anayeanza leo na DSLR ya Canon, akinunua lenzi za EF na flashi, hajaingia mtaa usio na njia ya kutokea. Siku pesa za harusi zitakapotosha, atanunua mwili wa mirolesi na adapta moja, na lenzi zake zote zitahama naye. Mwenye Nikon naye ana njia, mradi achukue lenzi za AF-S zenye mota ndani. Zile za zamani za mota ya kwenye kamera hazifokasi zenyewe kwenye D3500, na kwenye FTZ, adapta ya kuzivusha hadi mirolesi za Nikon, vilevile. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hapa kuna zaidi: mbachao ndio unaokuvusha hadi kwenye msala.

Nimebakiza mambo ambayo mirolesi inashinda kweli, na nisipoyasema nitakuwa muuzaji tu wa duka la pili. Fokasi ya jicho ni kitu kizuri. 700D ina nukta 9 za fokasi, na kwa f/1.8 ukiwa karibu, ukikosea kidogo utapata sikio kali na jicho lililofifia. Mirolesi inalitafuta jicho yenyewe. Mwenye DSLR itambidi ajifunze kutumia nukta ya katikati na kushusha pumzi kabla ya kubonyeza. Lakini jiulizeni ni kazi ngapi za mji huu zinazolala hapo. Picha ya ukoo wa watu 40 kwenye ngazi za kanisa inapigwa kwa f/8, na kwa f/8 kila jicho lipo. Mhitimu mwenye joho anasimama palepale hadi umwambie basi. Wachezaji ngoma wanaoruka, hapo nakubali, mirolesi ina haki yake.

Kimya chake nacho ni cha kweli. Shata ya umeme haitoi sauti, na padri anafurahi. Ila ukiitumia chini ya taa nyingi za bei nafuu, ambazo hupepesa na umeme wetu wa hezi 50, picha hutoka na mistari ya mlalo kama shuka la kimasai. Siku hiyo utautamani ule mlio wa "chakaa" uliokuwa ukiuonea aibu.

Na kuna video. Hapa sina ubishi mrefu. Kaunti hii imewahi kuota sinema hadi ndoto ikapewa jina, Machawood, na kijana ambaye ndoto yake ni hiyo, au anayetaka kujirekodi akiongea na kamera, anunue mirolesi na asinisikilize. Lakini asinunue ya chini kabisa akidhani herufi 4K kwenye boksi zimemaliza mambo. R100 ikirekodi 4K hukata pembeni mwa picha, na ile fokasi yake hodari inayotumika kwenye picha za kawaida haifanyi kazi humo. Kwa mpiga video wa mfuko mdogo, Canon 200D au 800D, DSLR za mwaka 2017, ukiinua kioo na kutazama kwenye skrini, zina fokasi ya Dual Pixel inayofuata uso taratibu bila kuhangaika, ingawa ni kwa HD ya kawaida. Wateja wetu wanaotazama harusi kwenye simu hawajawahi kunirudishia HD.

Kuna hoja moja ya upande wangu ninayoikataa mbele yenu: kwamba ununue DSLR kwa sababu ni kubwa, na mteja akiona kamera kubwa anaamini wewe ni mtaalamu. Ni kweli wako wateja wa namna hiyo. Lakini biashara inayosimama juu ya ukubwa wa plastiki inasubiri tu mwenye plastiki kubwa zaidi. Sihitaji hoja hiyo, na anayeitumia anaidhalilisha DSLR kuliko wanaoizika.

Watasema mtumba una hatari. Una hatari, kama mbuzi wa sokoni: unamfungua mdomo kabla ya kumlipia. Weka lenzi kwenye f/22, piga picha ya anga tupu au ukuta mweupe, uikuze kwenye skrini. Madoa meusi yasiyohama ni vumbi la kwenye sensa. Toa lenzi, washa tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na lenzi yenye kuvu mwachie mwenyewe, hasa ikiwa imetoka pwani. Uliza idadi ya picha ilizokwisha kupiga: shata ya D3500 imepimwa kwa 100,000, kwa hiyo iliyopiga 20,000 bado ni msichana. Ipige mfululizo hadi muuzaji akasirike. Bonyeza kila kitufe. Linganisha namba ya mwili na ya risiti ili usije ukanunua kilio cha mtu. Nusu saa inatosha. Mimi nimeona watu wakitumia muda mrefu zaidi kuchagua viatu.

Na ukishanunua, hauko peke yako. Katika mji huu mwenye EF anaweza kuazima lenzi, betri au flashi kwa mwenzake Ijumaa jioni na kuirudisha Jumapili na soda. Mwenye mfumo ambao yuko nao peke yake, siku lenzi inapoanguka saa mbili kabla ya harusi, ana Mungu na barabara ya Nairobi.

Nashangaa ni vipi mji huu, kati ya miji yote, umekuwa mwepesi wa kuamini kwamba kilichopitwa kimekufa. Kabla ya Nairobi kuwa Nairobi, makao ya utawala wa Waingereza bara yalikuwa hapa Machakos. Reli ikaja, ikapita mbali nasi kule tambarare, na mwaka 1899 ofisi zikafungwa virago zikaifuata. Mtu aliyesimama hapa siku ile angeapa kwamba mji umekwisha. Soko halikusoma tangazo hilo. Watu waliendelea kuleta mahindi, maembe na mbuzi, kwa kuwa reli ilichagua njia iliyoifaa reli, wala haikuwauliza wao wanaishi wapi. Kampuni za kamera nazo zimechagua njia inayozifaa kampuni. Zinahitaji tuuziwe mwili mpya, mdomo mpya, lenzi mpya. Si dhambi, ni biashara yao. Dhambi ni sisi kuichukua hesabu yao na kuifanya yetu.

Mpwa wangu alinisikiliza kwa adabu, akanywa chai, akaondoka bila kuniahidi kitu. Jumanne akanipigia simu akiwa Moi Avenue, Nairobi, na sauti ya mtu aliyechanganyikiwa.

"Mjomba, nimepata 700D, safi, na ile 50mm. Lakini huyu jamaa ananicheka. Ananiambia nichukue mirolesi, eti hii ilishakufa."

"Basi mwambie akupunguzie bei, si imekufa?"

Nikasikia wakivutana. Magari yakapiga honi, mtu akataja elfu, mwingine akataja elfu nyingine. Kisha akarudi kwenye simu.

"Mjomba, amekataa. Hashuki hata shilingi."

Tafuta basi maiti mwingine duniani anayegombaniwa bei namna hiyo.